Amana Iliyo Chini ya Gari

 

Ndugu zetu Waislamu, neno amana limekuwa jembamba mno vinywani mwetu. Tukilitaja, twakusudia fedha alizoweka mtu kwa jirani yake kisha akasafiri, au mkufu wa dhahabu uliofichwa sandukuni mwa ajuza. Hizo ni amana, hapana shaka. Walakin mtu apelekaye gari lake gereji, akampa fundi ufunguo na kwenda zake, amempa amana iliyo kubwa kuliko mkufu. Maana mkufu ukipotea hupotea dhahabu, na gari likiharibika njiani hupotea roho za watu. Tena amana hii ina sifa moja ya kuihofu sana, nayo ni kuwa mwenye mali haioni kazi aliyofanyiwa. Mshonaji akiharibu kanzu, kola itamsuta mbele ya macho ya watu. Mpishi akizidisha chumvi, watu watajua kwa tonge la kwanza. Fundi wa magari hufanya kazi yake chini, gizani, baina ya chuma na matope, na akiisha kulishusha gari hapana atakayeinama kutazama.

Miongoni mwa wanaohudhuria darsa yetu baina ya Magharibi na Isha yumo fundi mmoja, kijana mwenye gereji ndogo hapa Mombasa. Usiku mmoja hakuja, na usiku wa pili akaja na mikono iliyochubuka na maswali yake. Tumeona kisa chake chafaa kuelezwa kwa urefu, kwani yaliyompata huwapata mafundi wote, na wanaouliza ni wachache.

Aliletewa asubuhi gari dogo, katika haya yashushwayo Kilindini kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, nalo likigonga upande wa kushoto kila lipitapo juu ya tuta. Mwenyewe hulitumia kuchukua abiria kwenda Kilifi. Fundi akalitazama, akatambua kuwa bushi za mkono wa chini zimekwisha. Kwa msomaji asiyeyajua mambo haya, twaeleza: gurudumu la mbele hushikwa na mkono wa chuma ulalao chini ya gari. Upande mmoja mkono huo hushikana na gurudumu kwa boljoiti, na upande wa pili hufungwa kwenye gari kwa bolti mbili. Bolti hizo hupita ndani ya bushi, nayo bushi ni kibomba cha chuma kilichovikwa mpira mnene, ili gurudumu lipate kupanda na kushuka pasina chuma kugongana na chuma. Mpira ukioza, gari hugonga na usukani huvuta upande. Boljoiti ikichomoka na gari li mbioni, gurudumu hulala, na dereva hana tena usukani wa kumtii.

Wakapatana shilingi 3,000 za kazi, na bushi mpya akazinunua mwenye gari. Kazi yenyewe, chuma kikiwa kizima, ni ya saa chache tu. Lakini sisi watu wa pwani twaishi na chumvi. Upepo wa bahari huila chuma usiku na mchana, na gari lilalalo nje karibu na ufuo huliwa zaidi. Bolti ya kwanza ikatoka. Ya pili, nati yake ilifunguka, lakini bolti yenyewe ilikuwa imeshikana na kile kibomba kwa kutu hata vikawa kitu kimoja. Kila akiizungusha, kibomba kilizunguka pamoja nayo, mpira ukajikunja. Akiachia, ukarudi pale pale. Akatia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja. Akagonga. Akatia tena, akangoja tena. Adhuhuri ikaingia, akaswali, akarudi, akavika bomba refu kwenye mpini wa spana ili azidishe nguvu, na kichwa cha bolti kikakatika.

Moto hakuthubutu kuuwasha, kwani karibu na hapo pana bomba la breki na mpira uzuiao grisi ya ekseli. Ikambakia njia moja: kuikata bolti kwa msumeno wa chuma, pande zote mbili, katika nafasi isiyoingia ngumi, naye amelala chali na unga wa kutu ukimwangukia machoni. Ndipo mwenye gari alipokuja, Alasiri ikikaribia, akitaka gari lake.

"Fundi, tulisema saa nane. Abiria wangu wamechukuliwa na wengine."

"Bwana, bolti imeshika kutu, naikata. Gari halitoki leo."

"Si ufunge tu hivyo hivyo? Tia kipande cha mpira wa tairi, ukaze, nitalirudisha wiki ijayo. Na kama kazi huijui, sema."

Kijana huyu alitwambia kuwa maneno yale ya mwisho yalimchoma kuliko jua la mchana kutwa. Akaishika nyundo kubwa, akataka kuupiga ule mkono mpaka utoke au uvunjike. Kisha akaiweka chini, akaenda kutia udhu.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili naye ana hasira. Wanazuoni wetu hawakulifunga katazo hilo katika hasira peke yake, bali walipima juu yake njaa kali, na usingizi, na kila kimshughulishacho mtu akili yake. Basi nasi twaona fundi naye ni kama kadhi juu ya chuma kilicho mbele yake: yeye ndiye aamuaye kipi kikatwe na kipi kiachwe, kipi kizima na kipi kibovu, na hukumu yake hupita juu ya roho za watu asiowajua. Nyundo ikiinuliwa kwa hasira haipigi bolti. Humpiga yule mwenye maneno, na bolti ndiyo ipokeayo.

Tena tofauti hii ina athari yake katika sheria, wala si mawaidha matupu. Kijana aliuliza: je, bolti iliyokatika, ni juu yangu kuilipa? Imepokewa kwa Sayyidna Ali (R.A.) kwamba aliwatoza mafundi dhamana ya vilivyoharibika mikononi mwao, kwa kuchunga maslahi ya watu. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu, kama alivyoitaja Imam Nawawi katika Minhaj, ni kuwa mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi ila akipetuka mpaka. Kwa hivyo bolti iliyoliwa na kutu ikakatika chini ya spana, kwa njia waitumiayo mafundi wote, haimlazimu. Gharama ya bolti mpya ni juu ya mwenye gari. Lakini lau angeupiga ule mkono kwa hasira ukapinda, huko kungekuwa ni kupetuka mpaka, naye angelazimika kuulipa, hata kama aliyemkasirisha ni mwenye mali mwenyewe. Mpaka baina ya hali mbili hizi ulikuwa ni ile nyundo iliyowekwa chini.

Bolti ilimalizika kukatwa usiku. Asubuhi akatia bushi mpya na bolti mpya. Na sasa twafika mahali ambapo hasa ndipo palipotufanya tuandike makala haya.

Mafundi wajuao hutwambia kwamba bolti za bushi hazikazwi mwisho gari likiwa juu ya jeki. Sababu yake ni hii. Gari likiinuliwa, gurudumu huning'inia na mkono hushuka. Bolti ikikazwa hapo, kile kibomba cha ndani hubanwa, na mpira huzoezwa hali ile ya kuning'inia. Gari likishushwa, mkono hupanda, na mpira hubaki umejikunja mchana na usiku, hata gari likiwa limesimama. Haupiti muda mrefu ila hupasuka. Namna iliyo sawa ni kuzishika bolti kidogo, kulishusha gari lisimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, kisha fundi aingie chini tena azikaze. Kuingia huko mara ya pili kwataka dakika chache, nguo kuchafuka upya, na mgongo uliokwisha choka kulala chini tena. Akiacha, hapana atakayejua. Gari litatoka halina mgongo hata mmoja wa sauti, mwenyewe atalipa na kushukuru, na baada ya miezi bushi zikipasuka atasema ziliuzwa mbovu dukani.

Kijana huyu, baada ya siku kama ile, na baada ya maneno kama yale, aliingia chini mara ya pili. Jambo hili lina jina katika dini yetu, nalo ni ihsani, ambayo Mtume (S.A.W.) alimweleza Jibrili kuwa ni kumwabudu Mungu kama kwamba wamwona, na ikiwa humwoni, Yeye akuona. Watu wengi hudhani ihsani ni ya aliye juu ya mswala peke yake. Na Nabii Daudi (A.S.) je? Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze mavazi ya vita yaliyo kamili na apime vizuri kuunganisha kwake. Tazama: Nabii na mfalme, aliyepewa Zaburi, aagizwa kupima pete za chuma! Na miongoni mwetu wako waionao kazi ya mikono yenye mafuta kuwa ni ya watu duni, wakapenda vijana wao wakae barazani na kanzu nyeupe, mifuko mitupu.

Wala hatutawaacha wenye magari. Yule aliyesema kitiwe kipande cha mpira wa tairi, alikuwa akimwamuru mwenziwe kughushi, na watakaoghushiwa ni abiria waliolipa nauli wafike Kilifi salama. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa mwuza chakula, akatia mkono ndani ya fungu, vidole vikapata maji, akamwuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Gari lenye bushi ya tairi ni fungu lile lile, kukavu juu na maji ndani. Ajabu nyingine ni kuwa katika magari haya utaona kiooni pametundikwa hirizi ya kukinga ajali, na chini boljoiti yacheza kama jino bovu. Fedha ya hirizi ingalinunua grisi.

Wengine hupatana bei na fundi kwa kumbana mpaka ukutani, kisha kazi ikiisha humpa nusu, na iliyobaki "kesho, Inshallah." Mtume (S.A.W.) ameagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na jasho la fundi huyu lilikauka mara ngapi siku ile, na kurudi?

Ama kuhusu bei, kijana aliuliza kama yamfalia kuongeza, maana kazi ya nusu siku imekuwa ya siku nzima na zaidi. Jawabu letu ni kuwa ijara haisihi ila kwa kazi inayojulikana na ujira unaojulikana, nao walipatana shilingi 3,000. Haki ya fundi ni hizo, wala hana ruhusa ya kuzidisha baada ya kazi kwa kuwa tu ufunguo wa gari uko mkononi mwake. Alipoona kutu ndipo palipokuwa mahali pa kusimama, akampigia simu mwenye gari, wakapatana upya au wakaachana kwa wema. Twawashauri mafundi wote walitaje sharti hili mwanzo kabisa, kabla jeki haijainuliwa: nikikuta jambo lisiloonekana, nitasimama nikwambie. Mwenye gari naye akiongeza kwa hiari yake, huo ni wema wake.

Katika udhu, aliuliza juu ya grisi. Rangi nyeusi ibakiayo ngozini baada ya kuosha haidhuru. Grisi nzito iliyoganda, ikazuia maji yasifike kwenye ngozi au chini ya kucha, ni lazima iondolewe kwanza, kwa sabuni au kwa chochote, na udhu hautimii pasina hivyo. Basi na awe na sabuni yake gerejini, aanze kuosha kabla ya adhana.

Lililobaki ni vyuma vilivyotolewa. Bushi kuukuu na vipande vya bolti ni mali ya mwenye gari mpaka atamke kuviacha. Wanunuao chuma chakavu kwa kilo wajua kuwa vina thamani, na fundi aviuzaye bila idhini amekula kisicho chake, japo ni shilingi kumi. Kijana huyu alivifunga katika gazeti, akavitia katika buti la gari. Mwenye gari alipokuja akalifungua lile gazeti, akaitoa bolti iliyokatwa, kutu imeila hadi karibu na nusu. Akaigeuzageuza mkononi, asiseme neno, akahesabu zile 3,000 zote.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.