Kuaga

Mjomba wangu alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Alasiri moja ya Oktoba, vitunguu vimeshavunwa hapa Malolo na nyasi za mlimani zimekauka, alinyanyuka barazani, akachukua panga lake. "Natoka kidogo," alisema, "inshallah narudi." Hakusema anaelekea wapi. Maji hakubeba.

Isha ikapita. Saa tano usiku tulikuwa wanaume kama ishirini, tochi sita, na makorongo matatu ya kubahatisha. Tukagawanyika. Kikundi chetu kilipiga kelele njia nzima kwa hofu ya tembo, maana wanyama wa Mikumi na Udzungwa hawajui mpaka wa hifadhi. Kabla ya alfajiri kijana mmoja, aliyetoka kitandani kumtafuta mtu asiye hata ndugu yake, aliteleza akaanguka korongoni, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mjomba tulimkuta jua linachomoza. Amekaa chini ya mbuyu, goti limevimba kama boga, midomo imepasuka, vidole vinahesabu tasbihi.

Watu walipokuja kumpa pole alisema, "Mungu amenilinda." Mama wa yule kijana alikuwa pale mkekani. Akauliza taratibu, "Na mwanangu?"

Hakuna aliyemjibu. Nimeishi na swali lile miaka kumi na saba.

Hapa kwetu mwenye kubeba filimbi na maji ya akiba huweza kuambiwa hana imani: siku ikifika, imefika. Sibishi kwamba siku ina mwenyewe. Lakini Surat al-Kahf imetufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kutaja matakwa ya Mungu, na mwenye kusema hivyo amekiri kuwa safari haiko mikononi mwake. Sasa mtu aliyekiri kwamba huenda asirudi, anaondokaje bila kutaja njia? Inshallah ya mjomba ilikuwa nusu. Ilimkabidhi yeye kwa Mungu, ikatuacha sisi gizani na tochi sita.

Nikaenda kuisoma tena aya ya 102 ya Surat an-Nisaa, inayoeleza swala ya hofu. Waumini wako vitani. Kundi moja linaswali na jingine linalinda, kisha wanapokezana, silaha hawaziachi. Mungu anayesujudiwa ndiye aliyeagiza tahadhari hiyo. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba yule aliyesimama anamlinda mwenzake aliyeweka paji la uso chini. Nilikuwa nimezoea kuifikiria tahadhari kama hofu ya mtu juu ya roho yake mwenyewe. Pale niliona ni haki ya mwenzako.

Mwishoni mwa 2009, Mto Mkondoa ulipofurika na kuingia Kilosa mjini, nilisikia watu wakisema imeandikwa. Imeandikwa, nakubali. Je, tuta la kuzuia maji halimo katika maandishi hayo? Na mkono wa kulijenga?

Siku hizi napanda mlimani na kidumu cha lita tatu, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, filimbi shingoni, na simu nimeizima ili chaji ibaki, kwa kuwa mtandao unashika mgongoni mwa mlima tu. Nikifika kwenye kichaka kizito nachota vumbi kwa vidole viwili na kuliachia polepole. Likinirudia usoni najua tembo aliye mbele hatapata harufu yangu, na tutakutana ghafla. Basi nakohoa, nagonga mti, nazunguka. Dua yangu naisoma vumbi likiwa bado vidoleni.

Ila la kwanza kabisa ni kuaga. Neno hilo tunalitumia mlangoni, na tunalitumia pia kwa aliyetutoka duniani. Anayeaga sawasawa amekubali kwamba huenda kuaga kwa mlangoni kukawa ndiko kule kwingine, na bado anawaachia wenzake pa kuanzia kumtafuta.

Kesho nakwenda kwenye mizinga ileile, mjomba aliniachia. Nimemwambia mke wangu: korongo la kati, adhuhuri nitakuwa kwenye mbuyu, jua likigusa mlima kabla sijafika, waamshe watu. Jioni hii nimempitia na yule kijana, sasa baba wa watoto wanne, bado anachechemea. Nikamtajia korongo na saa.

"Na maji?" akauliza.

Nikamwonyesha kidumu.