Mguu Unaobaki

Maji yalikuwa yamekupwa sana siku ile, maji ya bamvua, na mjomba wangu hakutaka tuzunguke na njia ya juu kwenda kwenye shamba lake la chumvi. Alikunja suruali, akashika fimbo, akaingia kwenye matope ya mikoko. Miaka yake ilikuwa imepita sabini. Mimi nilikuwa na miaka 46, mwenye mkanda mweusi wa karate tangu ujanani, na kwenye mfuko wa shati nilikuwa na barua ya kuacha kazi ambayo nilikuja kumsomea. Kwetu pwani hii ya Mtwara, kuanzia Ziwani kushuka mpaka Msimbati na mlango wa Ruvuma, wengi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu mzima hageuzi maisha yake kabla jambo halijafika masikioni mwa mjomba.

Sikufika mbali, nikazama mpaka gotini. Kadiri nilivyovuta mguu wa kulia, wa kushoto nao ulididimia. Yeye alikuwa ameshatangulia, amesimama kando ya mti wa mchu, mizizi yake ya kupumulia imechomoza kwenye tope kama vidole. Hakucheka. Alisema, "Mpwangu, unanyanyua huu kabla ule haujashika. Tulia kwanza. Pumua. Ukishajua uzito wako uko wapi, ndipo utoe mguu."

Nikasimama, nikapumua. Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia miaka mingi nyuma kwa mwalimu wangu wa karate Dar es Salaam, mtu ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga tope la mikoko maishani mwake.

Mtindo wetu ni Goju-Ryu, maana yake njia ya ugumu na ulaini, uliotoka kisiwa cha Okinawa kwa Miyagi Chojun, aliyefariki mwaka 1953. Hapa nchini uliota mizizi katika miaka ya 1970 pale Zanaki, Dar es Salaam, alipofundisha Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, na dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, ikaitwa kwa Kiswahili: Hekalu la Kujilinda. Kata, yaani mfululizo wa mienendo ya mazoezi, inayobeba mtindo huu inaitwa Sanchin, yaani mapambano matatu, na sisi tulifundishwa kwamba matatu hayo ni akili, mwili na pumzi. Ukiitazama kwa mbali haina la kutazamwa. Mtu anasimama, vidole vya miguu vimeelekea ndani, anasogeza mguu kwa kuchora nusu duara sakafuni, anavuta pumzi na kuitoa polepole. Hatua chache mbele, anageuka, hatua chache tena. Mwalimu anapita akimgonga mabegani, mapajani, tumboni, kukagua wapi amelegea na wapi amekaza bure. Kukaza mwili kila mwanafunzi anaweza tangu juma la kwanza. Kujua wapi unakaza bure kunachukua miaka, na mimi nilidhani nimeshajua.

Sasa habari ya barua. Nilikuwa mhasibu katika kampuni moja, mwaka wa kumi na nne. Kwa muda wa miezi minane taya zilikuwa zinanibana, shingo imekuwa gogo, na usiku naamka saa tisa nikikodolea macho paa. Kwenye mazoezi vijana walianza kunipiga ngumi ambazo zamani ningeziona zikitoka begani. Mimi nikaongeza mazoezi. Nikapiga makiwara, ubao wa kuzoezea ngumi, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, nikijiambia kwamba nimekuwa mlegevu.

Hapa nataka niseme jambo ambalo wapiganaji wenzangu hawalipendi. Sisi ndio wagumu wa kusikia mwili kuliko watu wengi. Watu wanadhani mtu wa karate anaujua mwili wake kama nahodha anavyoujua mkuku, na kwa ngumi na teke ni kweli. Lakini mtoto wa kiume wa Kimakonde amepita jando, na moja ya mambo aliyofunzwa huko ni kuyabeba maumivu bila kulia. Kisha akaenda dojo, akafunzwa kupigwa bila kukunja uso. Mimi nilifundishwa kunyamaza mara mbili. Mafunzo yale yote mawili yalinijenga, siyakani, na wanangu wamepita humo humo. Ila mtu aliyezoea kunyamazisha maumivu ya ngumi atanyamazisha pia maumivu yaliyotumwa na jambo jingine, na atajisifu kuwa ni mvumilivu.

Wazee waliotuachia lugha hii hawakutenga mwili na nia. Mwenye wasiwasi walimwita tumbo joto. Aliyepata nafuu ameshusha pumzi, anayejitia ujasiri amepiga moyo konde. Na fedha ya kuagia kazi wakaiita kiinua mgongo. Nimefanya kazi ya hesabu maisha yangu yote na neno hilo nimeliandika mara nyingi kwenye vitabu, lakini sikuwahi kuliona mpaka mgongo wangu mwenyewe ulipoanza kuinama. Aliyelitunga alikuwa amemtazama vizuri mtu aliyeinamia kazi ya mwingine miaka thelathini, akajua malipo yake yanatakiwa yafanye nini.

Tulipofika kwenye shamba la chumvi mjomba alikaa kwenye tuta, nikamsomea barua. Hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Ukiamka, kabla hujakumbuka kwamba una kazi, mwili ukoje?" Nikashindwa kujibu. Akauliza kama chakula kina ladha, kama nawafokea watoto. Kisha akauliza, "Na mama watoto anasemaje?"

Nilikuwa sijamwambia.

Akakaa kimya muda mrefu, akichora kwenye chumvi kwa fimbo. Baadaye akaniambia mambo mawili. La kwanza, nirudi nyumbani nikaseme. La pili, nisipeleke barua mpaka zipite bamvua mbili, na muda wote huo nipumzike kwa kweli, kwa kuwa mwili uliochoka una jibu moja tu kwa kila swali, nalo ni hapana. "Uchovu ukishatoka," alisema, "kitakachobaki kinauma, hicho ndicho kilichokuwa kinakuita."

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hesabu ya mjomba ilikuwa kama mwezi mzima, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Nikachukua zangu zote.

Barua ile niliiandika kwa haraka, na haraka kama ile mji mzima wa Mtwara ulishawahi kuwa nayo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 ikakaa chini miaka mingi. Lakini kufikia 2012 na 2013 Mtwara ilikuwa imepandwa na matumaini kama homa. Viwanja vilipanda bei. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mzuri wa hisabati, aliacha chaki akiwa na miaka 44, akakopa, akajenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili kwa ajili ya wageni wa gesi. Bomba la zaidi ya kilomita 500 likajengwa kwenda Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015, na wageni aliowatarajia hawakuja kwa wingi ule. Niliwahi kuingia kwenye vyumba vile. Magodoro yalikuwa bado yamevaa nailoni. Mwingine aliacha kazi akaingia kwenye korosho, akaangukia msimu wa 2018, pale bei ilipogomewa mnadani mpaka Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo kwa wengi yakachelewa. Hawa hawakuwa wajinga wala wavivu. Walitoa mguu, na mguu uliobaki haukuwa umeshika kitu.

Kusini tunalo neno kwa ajili ya hili: kangomba. Mkulima mwenye shida anauza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu njaa ya leo ina sauti kubwa kuliko mavuno ya Oktoba. Tunawalaumu wanunuzi, na wanastahili. Lakini mtu wa makamo anayeamka na hasira asubuhi moja na kutupa miaka kumi na minne mezani kwa mkuu wake, naye amejiuza kangomba.

Kwenye dojo zetu hupenda kutajwa Funakoshi Gichin, mzaliwa wa Okinawa wa mwaka 1868, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 na kuifanya ijulikane Japani yote. Alikuwa na miaka 53. Vijana husimuliwa habari hii kana kwamba mzee aliota ndoto akapanda meli. Ukweli ni kwamba alikuwa mwalimu wa shule zaidi ya miaka thelathini. Karate aliifanya usiku, bila kuila. Alipofika Tokyo alilala kwenye bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili apate chumba alifagia uwanja na kutunza bustani, yeye mwalimu mstaafu. Hilo linanifunza mengi kuliko mateke yake. Ila mimi, kila nikiisoma habari ile, namfikiria mkewe. Alibaki Okinawa, hakutaka kuiacha ibada ya wazee wa ukoo, na miaka mingi waliishi mbalimbali. Wanaomsifu Funakoshi kwa hatua yake wamtaje na yeye, maana mguu uliobaki ulikuwa ni yeye, na sijui kama kuna aliyemuuliza unauma kiasi gani.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Yeye ni muuguzi. Alikuwa ameshajua, alinihesabia usiku nilioamka na kusema taya zangu husaga usingizini mpaka humwamsha. Kilichomuumiza ni kwamba mjomba alisikia kabla yake. Nilimwomba radhi, na sikuwa na utetezi.

Wiki ya kwanza ya likizo nililala tu. Ya pili nikarudi kwenye Sanchin, alfajiri, ufukweni, peke yangu, bila kupiga kitu. Nilikuwa navuta pumzi na kuuliza kiungo kimoja kimoja. Shingo ikalegea. Usingizi ukarudi. Hata hofu ya fedha, niliyodhani ni mlima, nikaiona ina ukubwa wake unaopimika: ada za watoto wawili, mkopo mdogo wa chama, mabati ya jikoni. Bamvua ya pili ilipofika nilikuwa na mwili mpya, isipokuwa jambo moja. Kila nilipowaza mwisho wa mwezi, kuketi mezani na kalamu, taya zilirudi kubana pale pale.

Basi haikuwa kazi ya uhasibu. Niliipenda, naipenda hata leo. Ilikuwa ni ile sahihi niliyokuwa naitia. Kwa muda ule wa miezi minane nilikuwa naletewa hati za malipo ya bidhaa ambazo ghala halijazipokea, naambiwa zitafika, nasaini. Akili ilikuwa imeshajitungia maelezo mazuri. Mkono na taya havikuyakubali, na mimi nikavipiga makiwara ili vinyamaze.

Kama ningepeleka ile barua ya kwanza, ningekimbia kazi yote bila kujua nilichokuwa nakikimbia, na huenda kalamu ile ile ingenikuta mahali pengine. Niliporudi ofisini nilikataa kusaini kisichopokelewa. Nikahamishiwa kitengo kidogo, marupurupu yakapungua, na watu wengine waliacha kunisalimia. Ndipo nikaanza kuhamisha uzito. Kila Jumamosi kwenye chumvi na mjomba, nikijifunza kufungua na kufunga maji kwa kufuata bamvua na maji mafu. Jioni mbili kwa wiki nikafundisha watoto karate kwenye uwanja wa shule. Vitabu vya hesabu vya vyama vidogo vya akina mama vikaanza kuja nyumbani, kwanza bure, baadaye kwa ujira. Mke wangu akashika daftari la fedha za nyumba, na tulikubaliana kwamba siku ya kuondoka ataitaja yeye. Ilichukua karibu miaka mitatu, na katika miaka hiyo ziko siku nilijiona mwoga.

Ndugu yangu uliye makamo, nakuomba usiamini kila kelele ya mwili wako, na usiinyamazishe pia. Lala kwanza. Kisha sema nyumbani, umsikilize yule ambaye mshahara wake au subira yake ndiyo itakayokushikilia ukiwa na mguu mmoja hewani. Wazee wetu walivuka mlango huu wa Ruvuma kwa tanga, na upepo ulipowakataa walikwenda bisho, huku na huku, siku nzima, wakafika usiku.

Niliandika barua mpya nikiwa na miaka 49, nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka. Niliisaini jikoni, mke wangu akiwa amekaa mbele yangu. Mkono haukutetemeka, na taya zilikuwa zimelegea.