Zamu ya Kumuuguza Mama

Muulize mtu wa Zinga, wilayani Bagamoyo, kumtunza mzazi ni wajibu wa nani, atakujibu bila kusita: wa watoto. Ugumu huja baadaye. Watoto ni watano; mmoja yuko nyumbani, wawili Dar es Salaam, mmoja Tanga, mwingine Muscat. Mama ana presha na kisukari. Usiku wa leo, dhima ni ya nani?

Madrasa za pwani hii hufundisha kwamba faradhi ni za namna mbili. Ipo fardhi kifaya, mfano sala ya jeneza: wakiisimamisha baadhi ya watu, wengine wameondokewa na dhima. Na ipo fardhi ain, mfano sala tano, ambayo kila mtu huibeba mwenyewe. Wema kwa wazazi umo katika namna ya pili. Lakini katika nyumba nyingi, kuanzia Mapinga hadi Kaole, ain hugeuzwa kifaya. Binti aliyebaki nyumbani ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayempikia uji usiotiwa sukari, anayepanda naye daladala kwenda hospitali ya wilaya Bagamoyo. Wenzake hutuma fedha kwa simu, kisha hulala wakijiona wamemaliza.

Fedha si jambo dogo. Matumizi ya mzazi asiyejiweza ni haki yake juu ya mtoto mwenye uwezo. Ila Sura ya Al-Israa, aya ya 23, inapowataja wazazi waliofikia uzee, inakataza hata mguno wa kuchoshwa nao. Aliye mbali hana nafasi ya kuguna. Anayeguna ni yule aliyeamshwa mara tatu usiku, na mguno wake, kwa haki, si wake peke yake.

Hapo ndipo daftari la kugawana uuguzi linapoingia katika dini. Wapo wanaoona aibu kumwandikia mama ratiba, kana kwamba mapenzi na hesabu havikai chumba kimoja. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Kama deni la fedha huandikwa ili asidhulumiwe mtu, deni la kumuuguza mama lina sababu kubwa zaidi ya kuandikwa: dawa na saa zake, vipimo vya sukari na presha, tarehe za kliniki, insulini ambayo haijafunguliwa ikae wapi kwenye nyuzi 2 hadi 8 umeme ukikatika. Mgonjwa akipelekwa Muhimbili, daktari ataona alichopewa Bagamoyo, mgonjwa asije akameza dawa ileile kwa majina mawili. Na ukurasa ambao familia nyingi hazina: zamu. Nani anakuja lini, ili dada apumzike.

Wakristo wa Bagamoyo, mji wenye misheni ya Kikatoliki tangu 1868, wana onyo lao katika Marko sura ya 7: Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi msaada kwa kisingizio kwamba mali imeshawekwa wakfu kwa Mungu. Ibada haimwondolei mtu mzazi wake.

Daftari nalo lina hatari yake, ya kumgeuza mama kuwa mzigo unaopangwa. Ramadhani huifichua. Aya ya 184 ya Al-Baqara inampa mgonjwa ruhusa ya kula, na asiyetarajia kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Hata hivyo mama aliyefunga tangu usichana hataki kusikia. Ukimficha daku, umemvunjia heshima. Mazungumzo na daktari na shehe yafanyike mwezi wa Shaabani, mama mwenyewe akiwepo na akiuliza, na fidia, ikilazimu, aitoe kwa mkono wake.

Serikali, tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, imeahidi matibabu bure kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kitambulisho cha mzee kikae ndani ya daftari hilohilo. Zamu ya usiku, serikali haiwezi kuishika. Wala aliye Muscat hawezi, kwa sasa. Lakini likizo yake anaweza kuimalizia Zinga, dada aende zake Tanga kwa ndugu yao, na mama akiita saa nane za usiku, aitike yeye.