Njia na Nyayo

Tovuti ya ndani ya ofisi yetu ilikuwa kama stoo: fomu za likizo chini ya matangazo ya mwaka juzi, waraka mmoja umewekwa mara nne. Nilipewa kazi ya kuipanga upya. Nikiwa Masasi, nikachukua kumbukumbu za vivinjari vya kompyuta zote, zetu na za tawi la Newala, nione watu wanapita wapi.

Ramani ilitoka vizuri. Lakini kompyuta moja ya Newala ilifungua fomu ya mkopo wa dharura kila Ijumaa jioni, ikafungwa bila kujazwa. Nilijua anayeitumia ni nani.

Wiki iliyofuata nilipanda Newala kikazi. Dada yule akanikaribisha chai, akaniuliza habari za nyumbani. Nikashindwa kumuuliza za kwake. Nilizijua bila kuambiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi. Langu lilikuwa wazi kwangu tu.

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Zamani kina mama waliteremka bondeni kufuata maji, mpaka njia zikachimbika. Njia huonyesha watu wanahitaji nini. Haisemi ni nani aliyekuwa na kiu.

Niliporudi Masasi nilifuta safu ya majina ya kompyuta, nikaiweka fomu ya mkopo ukurasa wa kwanza. Ramani haikupungukiwa kitu. Ila yale niliyoyajua ningali ninayo, na dada yule hajui.