Kupanda Darasa na Kupanda Elimu

Kupanda darasa ni heshima apewayo mwanafunzi; kupanda elimu ni mali abakiyo nayo. Mambo haya hudhaniwa kuwa pacha, lakini mara nyingi hutengana mapema.

Wakati wa utawala wa Waingereza mtihani wa darasa la nne ulikuwa mlango mwembamba, na watoto wengi waliishia hapo. Baada ya uhuru mlango ulipanuliwa, hata mwaka 1977 Tanzania ikataka kila mtoto aliyefikia umri wa shule aandikishwe. Lilikuwa tendo la haki. Lakini kuingia jikoni siko kula.

Je, mtoto asiyejua kusoma apandishwe au akariri? Mwenye hesabu hujibu hivi: katika shule ya miaka 7, watoto 10 wakikariri mara moja kila mmoja, hutumia miaka 80 ya mafundisho badala ya 70. Viti hujaa na mwalimu huelemewa. Tena aliyekariri huona haya mbele ya wadogo zake. Na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli au Mbamba Bay, mtumbwi na wavu viko karibu kumpokea. Akiacha shule, hata miaka aliyokwisha soma hupotea.

Hesabu hiyo ni kweli, bali si kweli yote. Apandishwaye bila kusoma huandikwa faida katika daftari, naye ni hasara iliyovikwa nguo za faida.

Wamatengo wa milima ya Mbinga hulima ngoro. Hufyeka majani, huyapanga miraba miraba mtelemkoni, kisha huyafunika kwa udongo. Mashimo huzuia maji, na majani yakioza hurutubisha mmea. Kumpandisha mtoto pasipo kumfundisha ni kulundika udongo pasipo majani. Kumkaririsha kwa mafundisho yale yale ni kurudia mbegu mahali palipokwisha kukokolewa na mvua.

Basi swali la haki hutangulia swali la ufanisi. Mtoto hakuchagua darasa lililofurika wala kitabu kimoja cha watu watano. Mbona aibu ya kushindwa abebe peke yake? Shule na imsaidie tangu darasa la kwanza, mwaka ungali mbichi, kabla ya kumhukumu mlangoni. Ikifanya hivyo, wa kukaririshwa watakuwa wachache, na apandaye atapanda na elimu yake.