Santuri Adimu: Kuokota si Kumiliki

Chukulia wewe ni mkusanyaji wa santuri. Kwenye rafu yako, ile ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa, ipo nakala halisi ya Lazy Bones!!, albamu ya bendi ya WITCH ya Zambia iliyotoka mwaka 1975. Uliilipia fedha ambazo hadi leo hujamtajia mwenzako wa nyumbani. Asubuhi moja unasikia kwamba kwenye ghala fulani mjini Kitwe zimekutwa nakala 200 za albamu hiyohiyo, mpya, hazijawahi kuguswa na sindano. Utafurahi au utahuzunika?

Ghala hilo nimelitunga mimi, lakini swali si la kutunga. Nilimuuliza mkusanyaji mmoja wa hapa Dar, mtu aliyenizidi miaka zaidi ya ishirini, ambaye ndiye aliyenifundisha kusikiliza roki ya zamani. Alicheka kidogo. "Mdogo wangu, nitafurahi mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo nitaanza kupiga hesabu."

Nampenda kwa jibu hilo, maana wengi wangeishia kwenye sehemu ya furaha. Lakini jibu lake linafungua jambo zito kuliko bei. Tunaposema tunapenda santuri adimu, tunapenda nini hasa: muziki uliomo, au ule uchache wake? Na kama ni uchache, uchache huo ulitoka wapi?

Tuanze na muziki, maana bila huo hatuna cha kubishania. Mwanzoni mwa miaka ya 70, vijana wa miji ya shaba ya Zambia, Kitwe, Ndola, Chingola, walikuwa wakisikiliza Jimi Hendrix, Rolling Stones, Black Sabbath na James Brown. Shaba ilikuwa na bei, vijana walikuwa na ajira, baa zilikuwa wazi. Rais Kenneth Kaunda naye aliagiza sehemu kubwa kabisa ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Matokeo yake ni aina ya muziki ambayo leo inaitwa Zamrock: gitaa lenye mkwaruzo mzito, kinanda cha umeme, dramu zinazokumbuka ngoma za kijijini, na waimbaji wanaoruka kutoka Kiingereza kwenda Kibemba au Kinyanja bila kuomba ruhusa.

Ukiisikiliza Lazy Bones!! kwa mara ya kwanza, kitu kinachokushika si ufundi. Ni kwamba hawa jamaa hawaigi. Gitaa linalia kama limelowa maji, halafu besi inashika mdundo ambao Mwingereza asingeufikiria. Albamu ya Africa ya kundi la Amanaz, nayo ya mwaka 1975, ni tofauti kabisa: ya polepole, yenye majonzi, kama mtu anayezungumza peke yake kwenye veranda baada ya wageni kuondoka. Ilitoka kwa mchanganyiko wa sauti wa aina mbili, mmoja mkavu na mwingine wenye mwangwi mwingi, na wakusanyaji hugombana hadi usiku kuhusu upi ni bora. Mimi niko upande wa mkavu. Halafu kuna Ngozi Family ya Paul Ngozi. Day of Judgement, ya mwaka 1976, imerekodiwa kwa ukali kiasi kwamba unaweza kudhani spika zako zimepasuka. Hazijapasuka. Ndivyo walivyotaka.

Na haya si mambo ya Wazambia peke yao. Musi-O-Tunya, ambao jina lao ni lile la maporomoko makubwa ya Zambezi, yaani moshi unaonguruma, walirekodi albamu yao ya Wings of Africa jijini Nairobi. Hapa Dar kulikuwa na Sunburst, kundi lililochanganya roki, soul na midundo ya hapa kwetu, likaimba pia Kiswahili. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Miaka 40 baadaye, 2016, lebo ya Strut ya Ulaya ikaitoa upya pamoja na nyimbo walizorekodi Radio Tanzania. Waulize vijana kumi wa Kariakoo kama wanaijua Sunburst. Halafu muulize mkusanyaji mmoja wa London.

Sasa turudi kwenye uchache. Muuzaji wa santuri atakwambia kitu ni ghali kwa sababu ni adimu, kama vile uadimu ni sifa ya kuzaliwa nayo, kama rangi ya macho. Si hivyo. Katikati ya miaka ya 70 bei ya shaba ilianguka, na uchumi wa Zambia ukaanguka nayo. Vita vya ukombozi vya nchi jirani vilileta amri za kutotembea usiku, bendi zikalazimika kupiga mchana. Kaseti za kunakili zikaua mauzo ya santuri. Disko likaja. Kisha ukaja UKIMWI, ukafagia kizazi kizima cha wanamuziki. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Emanyeo Chanda, mwimbaji wa WITCH aliyeitwa Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, aliuacha muziki na baadaye akawa anachimba vito ardhini. Wenzake wa kile kikosi cha miaka ya 70 walikuwa wamekwisha kufariki kabla dunia haijarudi kuwatafuta.

Kwa hiyo nakala inayouzwa leo kwa zaidi ya dola elfu moja imepandishwa bei na nini? Muziki ni uleule aliouuza Jagari kwa bei ya kawaida. Kilichoongezeka ni njaa, vita, maradhi na usahaulifu. Hivyo ndivyo vilivyopunguza nakala. Ukipenda uchache wenyewe, jua kwamba kwa namna fulani unayapenda matokeo ya msiba wa mtu mwingine. Sisemi mkusanyaji ndiye aliyeuleta msiba. Nasema faida yake imekaa juu yake.

Hapo ndipo yule kaka yangu wa santuri alipokunja uso. "Bila sisi," aliniambia, "hizo santuri zingekuwa zimetumika kufunikia mitungi." Na ana haki. Nani alizitunza? Si wizara. Si vituo vya redio, ambako kanda nyingi za Afrika zimeliwa na unyevu au zimefutwa ili kurekodi hotuba. Ni watu wenye kichaa cha aina hii, waliosafiri, waliochambua maboksi yenye mende, waliolipa. Hata tamaa imesaidia: mtu akisikia santuri ya marehemu baba yake ina thamani, haitupi tena. Uchoyo nao huhifadhi, tukubali.

Ana hoja ya pili, nzito zaidi. Jagari na wenzake waliuza santuri zao. Aliyenunua alilipa, mkataba ukaisha. Mtu akinunua kitabu cha mtumba, hamtafuti mwandishi ampe sehemu yake. Kwa nini santuri iwe na sheria nyingine?

Kisheria, jibu ni rahisi: hana deni. Lakini hata sheria si lazima iishie hapo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1920 inayompa mchoraji au warithi wake fungu pale picha yake inapouzwa tena, kwa kuwa watu walichoka kuona mchoro ulionunuliwa kwa bei ya mkate ukiuzwa kwa bei ya jumba huku familia ya mchoraji ikikosa kodi ya nyumba. Wafaransa walielewa kwamba ile thamani iliyokuja baadaye haikutoka kwa mnunuzi peke yake. Kitabu cha mtumba hushuka bei, ndiyo maana hakitusumbui. Kinachosumbua ni kile kinachopanda.

Lakini mimi sihitaji kwenda Ufaransa. Hapa kwetu watu husema kuokota si kuiba. Sawa. Ila waliosoma fikihi watakukumbusha kwamba kuokota si kumiliki pia. Aliyeokota kitu chenye thamani anatakiwa akitangaze mwaka mzima. Mwenyewe asipotokea, anaweza kukitumia. Akitokea baada ya hapo, arudishiwe au alipwe. Kilichonivutia kwenye kanuni hii ni kwamba mwokotaji haitwi mwizi, wala haambiwi angekiacha njiani. Anasifiwa kwa kukiokoa. Anachonyimwa ni kitu kimoja tu: ukimya. Hawezi kukificha kabatini na kusema Mungu amenipa.

Mkusanyaji wa santuri amenunua, hajaokota, najua. Lakini alichonunua ni plastiki na jalada. Ile thamani ya ziada, ile iliyozaliwa baada ya muziki kusahauliwa na kukumbukwa tena, hiyo ameiokota. Na kwa hiyo anawiwa kutangaza.

Kutangaza kunaweza kufanya nini? Mchukue Rodriguez, mwimbaji wa Detroit. Albamu yake ya Cold Fact ya mwaka 1970, yenye roki laini na upepo wa saikedeliki, haikuuza kitu Marekani. Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi ikaipenda kupita kiasi, wakati yeye mwenyewe akifanya kazi ya kubomoa na kukarabati majumba bila kujua. Mashabiki wasioridhika kuwa na santuri tu, waliotaka kumjua mtu, ndio waliomtafuta. Mwaka 1998 akapanda jukwaani Afrika Kusini mbele ya maelfu. Mwaka 2012 ikatoka filamu kuhusu habari hiyo, ikapata Oscar. Alifariki mwaka 2023 akiwa mtu anayejulikana.

WITCH nao walipata mtu wa kuwatangaza. Lebo ya Now-Again ya California ilitoa upya kazi zao kwa kushirikiana na Jagari mwenyewe, tofauti na maharamia wanaochapa santuri bila kumuuliza mtu. Mzee akarudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya, Zango. Nafikiri hiyo ndiyo picha ya mkusanyaji mwema: mtu ambaye kazi yake inapunguza uadimu wa kitu anachokipenda.

Maana huo ndio mtihani wenyewe. Upendo wa muziki unataka wasikilizaji waongezeke. Upendo wa uhaba unataka wapungue. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na wengi wetu tunavyo, lakini siku vinapogombana inabidi kimoja kikae chini.

Kwa hiyo simwambii mkusanyaji auze santuri zake agawe sadaka. Namwomba mambo madogo. Kama una nakala ambayo huenda ni ya mwisho, iruhusu irekodiwe kabla nyumba haijaungua. Ukinunua toleo jipya, uliza kama waliopiga wamelipwa, na kama hawakulipwa liache dukani. Na unapomsifia mgeni bei uliyolipa, geuza jalada umsomee pia majina ya waliopiga besi na dramu. Wengi wao hawatatokea kudai. Hiyo haimaanishi tuache kuwaita.