Samaki Hana Lawama, Mwenye Tangi Je?

Nataka kuwasimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Linahusu samaki. Najua wengine mtasema gazeti letu lina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani ni jambo dogo.

Katika Ziwa Tanganyika yupo kambare mdogo wa jamii ya ngogo, mwenye madoa meusi mwilini. Jina lake la kitaalamu ni Synodontis multipunctatus. Watu wa nchi za mbali humpenda kwa uzuri wake, na mji wetu una historia ndefu ya kuwauzia nje samaki wa mapambo. Lakini linalomfanya kambare huyu kuwa wa ajabu ni namna anavyozaa. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alieleza katika jarida la Nature kwamba samaki huyu hawalei watoto wake mwenyewe. Ziwani wapo samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, ambao mama hutaga mayai kisha huyaokota na kuyalea mdomoni. Kambare huvizia saa hiyo. Anaingia kwa kasi, anakula baadhi ya mayai ya mwenzake, anaacha ya kwake, na mama katika haraka ya kuyaokoa anayabeba yote. Mayai ya kambare huanguliwa mapema, baada ya siku tatu hivi. Watoto wakishamaliza kiini chao, huanza kula mayai na vichanga vya mwenye mdomo, humo humo mdomoni.

Nilisoma habari hiyo nikavutiwa. Nilikuwa na tangi la kioo la lita 300, pampu ya hewa, na kambare sita wakubwa. Mnunuzi mmoja aliniahidi bei nzuri kwa kila kifaranga atakayekua, na ada ya chuo ilikuwa inanikaba. Basi nikatafuta mama wa kuwalea.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Samaki wa Tanganyika wanaoishi na kambare huyu wameshamzoea, na mara nyingi humtambua au huyatema mayai yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba samaki wa maziwa mengine, ambao koo zao hazijawahi kuishi naye, hudanganyika kwa urahisi zaidi. Wafugaji wanalijua hilo, na mimi nililijua. Kwa hiyo sikuchukua samaki wa ziwa letu. Nilinunua samaki wa njano wa Ziwa Nyasa kwa mtu aliyekuwa akiwafuga, nikawatia tangini. Nilimchagua mama asiyemjua mwizi.

Mambo yakaenda kama nilivyotaka. Siku moja nilimwona jike mmoja wa njano mashavu yamemtuna. Muda wote huo hakula kitu. Nikitia chakula, wenzake wanakimbilia, yeye anajitenga pembeni na kuchezesha taya polepole ili mayai yapate hewa. Alikonda hadi kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili. Baada ya wiki tatu nilimhamishia kwenye tangi dogo, na kesho yake akafungua mdomo. Wakatoka vifaranga sita wa kambare, wenye madoa kama wazazi wao. Wa njano hakutoka hata mmoja.

Nilifurahi mno. Usiku ule tulipokuwa tunakula nikawasimulia nyumbani kisa chote kwa vicheko, nikamaliza kwa kusema, "Ndiyo hasara ya kulea mtoto wa mwenzio."

Mama aliacha kula. Nikakumbuka, nikiwa nimeshachelewa, kwamba dada yangu mkubwa alikuwa amekaa mbele yangu. Dada huyo hakuzaliwa na mama. Mama alimchukua akiwa mchanga, wakati wa vita, na sisi wote tumemkuta nyumbani. Alininyamazia kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi, mdogo wangu, nilimla nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha usiku ule ule, naye alisema amenisamehe. Lakini swali lake halikuniacha nilale.

Nilipofikiri niliona nimefanya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumfanya samaki kuwa hukumu juu ya watu. Kambare hana hila wala usaliti. Hakuamua, hakupewa sheria akaivunja. Anaishi alivyoumbwa. Kumwita mwizi, kama nilivyomwita hapo juu, ni mazoea ya ulimi tu. Na kama yeye hana lawama, basi hana pia somo la kutufundisha juu ya yatima na wanaomlea. Dada yangu alichukuliwa na mtu aliyejua anachokifanya, akakichagua, na angekichagua tena. Tumbo la njaa la kifaranga haliwezi kulinganishwa na hilo.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kulikubali. Rafiki yangu mmoja wa darsa aliniambia, "Unajisumbua bure. Ziwani jambo hili linatokea kila siku. Ndivyo maumbile yalivyo. Tena wewe unakula mukeke na ndagala bila kulia." Maneno yake yana nguvu. Kula samaki ni halali na sina nia ya kuacha. Wala kufuga si kosa. Tunajua habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali ndege alipokufa alimuuliza mtoto habari zake kwa upole. Sitoi fatwa hapa, mimi si wa kutoa fatwa.

Lakini neno "maumbile" halikunitosha. Ziwani yule mama ana ujuzi wa koo nyingi zilizotangulia. Ana mawe ya kujificha na nafasi ya kukimbia. Mara nyingine kambare anashinda, mara nyingi anashindwa. Tangini mwangu niliondoa kila kinga, nikamleta mama wa mbali asiye na ujuzi huo, nikafunga kifuniko. Nilichokifanya hakikuwa maumbile. Ulikuwa mpango, na mpango una mwenyewe. Samaki hana lawama, lakini hapakuwa na samaki peke yake pale. Nilikuwepo mimi.

Tunakumbuka pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Mimi naelewa hivi: ukishafunga mlango, riziki ya kiumbe yule inapitia mkononi mwako, na huwezi tena kusema ni mambo yake.

Basi vifaranga sita nikawalea, kwa sababu sasa walikuwa amana yangu. Niliangua artemia katika maji ya chumvi yenye hewa, kazi ya siku nzima kwa kijiko kimoja cha chakula. Baadaye niliwapa unga wa ndagala waliokaushwa, kidogo kidogo, maana mabaki yakioza maji huwa sumu. Robo ya maji niliibadilisha kila siku ya pili. Aliyezidi ukubwa nilimtenga asiwaume wenzake. Yule mama wa njano nilimlisha peke yake mpaka mwili ukamrudia. Umeme ulipokatika na pampu ikazima, ilibidi kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Usiku mmoja wa mitihani nilipitiwa na usingizi juu ya daftari. Niliposhtuka nilimkuta dada yangu gizani, amekaa kwenye kigoda, anachota na kumimina. Nikamwambia, "Dada, hawa si ndio wale?" Akasema, "Hawajui walikotoka. Lete mshumaa."

Mmoja alikufa, watano wakakua. Niliwauza, na pesa sikuzikataa. Zilinilipia sehemu ya ada. Lakini wale wa njano niliwatenga na kambare, na hadi leo sijawachanganya tena. Kulea vizuri hakukufuta jinsi nilivyoanza.

Ndugu zangu, nimeyaandika haya kwa sababu nasikia neno lile lile hapa chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafika na begi lake, hamjui mtu. Anauziwa daftari la zamani kwa bei mara tatu, anapangishwa kitanda kisicho chake. Ukimuuliza aliyemfanyia hivyo, anacheka: "Ndivyo dunia ilivyo, na mimi nilifanyiwa." Mara nyingine ni Mwislamu mwenzetu. Dunia inaweza kuwa hivyo. Lakini yule mgeni hakuchaguliwa na dunia. Alichaguliwa na mtu, kwa sababu alikuwa hajui.

Wallahu a'lam. Tuombeane dua.